Mrija Uliopungua

Shimo la ndizi linapofunuliwa hutoa harufu ambayo sijaikuta penye kitu kingine: utamu uliokolea moshi, majani ya mgomba yaliyolegea kwa joto la udongo, na kwa mbali kitu kama asali iliyoanza kufikiria kuwa pombe. Uani kwa Bibi, Rumonge, hatukuzoea harufu hiyo. Sisi tulikuwa watu wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Nguo zetu zilinuka ndagala hata zikitoka kufuliwa, na mtu akikuambia kwamba hazinuki ujue anataka kukuuzia kitu. Lakini juma lile, mwaka niliokuwa darasa la tano, Bibi alichimbiwa shimo nyuma ya jiko, likapashwa moto, likatandikwa majani, na mikungu sita ya ndizi kutoka milima ya Burambi ikazikwa humo kama maiti wenye heshima. Nilihesabu mikungu ilipoingia na nikaihesabu ilipotoka. Ilikuwa sita mara zote mbili. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba tangu utoto mimi si mtu wa kukosea hesabu.

Ndizi zile zilikuwa za shule. Mwalimu wetu, Madamu Konsolata, mwanamke mwembamba wa kutoka Gitega aliyevaa viatu vya ngozi hata kwenye tope, alikuwa amechoka na darasa lake. Tulikuwa watoto arobaini na watatu, na tulikaa kama soko: kila bidhaa na meza yake. Watoto wa Kirundi kutoka vilimani mbele, sisi Waislamu wa mtaa wa Waswahili upande wa dirisha, watoto wa Wakongo waliovuka ziwa kwa sababu ya vita nyuma kabisa, na waliorudi kutoka kambini Tanzania popote palipobaki nafasi. Tuliitana majina. Wakongo walikuwa "Wakimbizi" na waliorudi walikuwa "Watanzania", ingawa hao Watanzania ndio waliokuwa Warundi wa asili waliofukuzwa na vita, na wengi wetu tuliowacheka, babu zetu walikuja Rumonge wakifuata biashara ya ziwa. Sisi tuliitwa Waswahili, na neno hilo kwetu lina bei mbili. Kwa jumla ni mtu wa dini yetu na lugha yetu. Kwa rejareja ni mjanja, mtu wa kuchunga mfuko ukikaa naye. Mimi nilizikubali bei zote mbili.

Madamu akaamua kwamba kabla ya kufunga muhula kutakuwa na sikukuu. Wazazi wataalikwa, na kila mtoto atasimama aseme kwao ni wapi, kwa lugha anayoitaka, kisha wote tutakunywa kutoka mtungi mmoja. Si pombe, mutobe, ile juisi ya ndizi kabla haijachachuka. Na kwa kuwa alijua wazazi wa Kiislamu wasingeuamini mtungi uliotoka nyumba ya Wakristo, alikuja mwenyewe kwa Bibi. Walikaa mkekani karibu saa nzima. Bibi alitaka ndizi zikamuliwe alfajiri, mbele ya macho yake, kwa mtungi mpya usiowahi kuonja pombe. Madamu akakubali. Bibi akataka ukamuaji ufanywe na wanawake wa pande zote, wa kwetu na wa kwao, wasije watu wakasema mambo. Madamu akakubali. "Na adhuhuri ikiingia, kilichobaki kimwagwe," Bibi akasema. "Mutobe ni kama mukwe. Asubuhi ni mutamu, jioni haumujui tena." Madamu Konsolata alicheka hadi akavua miwani. Nilijifunza kupatana bei kwa Bibi, na siku ile nilimwona akipata kila alichotaka bila kupandisha sauti.

Kazi ya mirija nikapewa mimi, kwa kuwa darasa zima lilijua ninavyohesabu. Asiyetoka kwetu inafaa nimweleze. Mtungi wa kunywea pamoja huwekwa katikati, na kila mtu hunyonya kwa mrija wake mrefu wa tete. Mwenye mrija mtungini ni mtu wa pale. Asiye nao ni mpita njia, na mpita njia hupokezwa mrija wa mwenyeji, akanyonya, akashukuru, akaurudisha, akaendelea na safari yake. Kupokezwa hivyo ni heshima kubwa, lakini ni heshima ya mgeni. Watoto tuliyajua hayo kabla ya kujua kuandika. Ndiyo maana Madamu alisisitiza: mirija arobaini na mitatu, kila mtoto na wake, asiwepo wa kuazima.

Niliyekaa naye banki moja, benchi la darasani, mwaka ule aliitwa Jenerosa. Alizaliwa kambini, akarudi na wazazi wake kwenye nchi ambayo hakuwahi kuiona, na jina lake liliongezwa chini kabisa ya orodha ya darasa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu alifika muhula umeshaanza. Kirundi chake kilikuwa cha kusikia jikoni. Watu wazima walimwelewa kwa huruma. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kitu kingine. Kilitoka kinywani kimenyooka, kila neno limechomekewa kama shati la shule, na alipoandika insha ungedhani anasuka ukili. Chetu sisi kilikuwa cha sokoni: Kirundi kidogo, Kifaransa kidogo, Kikongo kidogo, na kilitufaa vizuri sana kwa kuuza samaki. Kwa miaka minne nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na sikuwahi kufikiri kwamba nafasi ile inahitaji jitihada. Ilikuwa yangu kama uani kwa Bibi ulivyokuwa wangu. Kisha siku moja Madamu akainua daftari la Jenerosa, akasoma insha yake yote mbele ya darasa, akasema, "Musikilize. Hivi ndivyo Kiswahili kinaandikwa." Wenzangu wa dirishani wakanigeukia. Mmoja akaninong'oneza, "Zaina, umenyang'anywa duka."

Hata hivyo tulikuwa marafiki, na urafiki wetu ulikuwa na masharti mazuri. Yeye alinisahihishia insha. Mimi nilimfundisha Kirundi. Nilimpa maneno kumi kwa kila insha, na akinipa insha ndefu nilimwongezea mawili. Jambo alilolitaka kuliko yote lilikuwa sentensi moja tu ya siku ya sikukuu: Iwacu ni i Rumonge. Kwetu ni Rumonge. Sentensi fupi, lakini alitaka itoke bila kambi ndani yake, hata chembe, kwa sababu baba yake angekuwepo. Baba yake alikuta shamba lao la michikichi lina watu wengine, waliokaa humo miaka yote ya ukimbizi, na watu hao walikuwa na mtoto shuleni kwetu, nao wangekuja siku ile. Kila baba huyo alipopita sokoni alisikia, "Hawa si wa hapa." Jenerosa aliniambia haya akiwa anapasua ganda la karanga, taratibu, bila kuniangalia. "Baba anataka waisikie kwangu," alisema. "Kwa Kirundi. Ili wasiseme tena." Tukairudia sentensi ile njiani, kisimani, kwenye foleni ya choo. Nilimbana kwenye sauti ya kila silabi kama ninavyombana muuzaji leo, na nakiri nilikuwa mwalimu mzuri. Ikafika siku akaisema hata mimi nikamwamini.

Mchana wa kuamkia sikukuu tulikwenda pamoja kijitoni kukata matete. Tulichagua membamba, tukayapunguza kwa kisu cha Bibi, nami nikayapuliza moja moja kuhakikisha njia iko wazi. Jenerosa alihesabu kwa Kirundi, kama mazoezi, akafika arobaini na matatu. Nikarudia mimi kwa Kiswahili. Arobaini na mitatu. Tukaifunga kwa ukambaa wa mgomba. Tukiwa tunarudi, tulimkuta Madamu langoni mwa shule akiwa na karatasi. Kila mwaka, siku ya kufunga shule, karibisho la wazazi kwa Kiswahili lilisomwa na mimi. Akampa Jenerosa karatasi ile. "Wewe utasoma," akamwambia, kisha akanipapasa kichwa: "Zaina ana mirija. Kila mutu na kazi yake." Jenerosa aliitazama karatasi, akanitazama, akasema angependa nisome mimi. Madamu akasema hapana. Mimi nikasema, "Soma tu, mimi nimechoka kusoma." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, na wa bei nafuu kuliko yaliyofuata.

Alfajiri uani palijaa wanawake. Wa vilimani na wa mtaani kwetu walipiga magoti kando ya hori moja, wakizikanda ndizi kwa nyasi hadi povu likapanda na juisi ikaanza kutoka, nyepesi, ya rangi ya shaba. Walitaniana kwa lugha tatu. Sikuwahi kuona uani wetu ukiwa na raha kiasi kile, na kama ningekuwa na akili ningeitazama raha hiyo. Badala yake nilikaa nyuma ya ghala na furushi langu. Nilifungua ukambaa. Nilihesabu hadi arobaini na mbili, nikaushika wa mwisho. Nilijua orodha inaitwa toka juu kwenda chini. Nilijua jina la kalamu nyekundu ni la mwisho. Nikauvunja vipande vitatu, nikavitupa ndani ya shimo tupu la ndizi, nikafunga furushi, nikahesabu mara ya pili. Sikuwa na hasira wakati ule. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayepanga nyanya. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Mimi niliwahi kuukariri msemo huo darasani na kupewa alama zote.

Sikukuu ilianza vizuri. Wazazi walikaa kwenye mabanki uwanjani, akina mama wa vitenge huku, wa mitandio kule, lakini wamekaribiana kuliko kawaida. Baba yake Jenerosa alikuja na koti la suti lililomzidi mabega, akakaa pembeni, na watu wa shamba lile walikuwa safu ya mbele yake. Aliona visogo vyao tu. Jenerosa akasimama akasoma karibisho. Alisoma kwa uzuri hata akina mama zetu wakatikisa vichwa. Nikasikia nyuma yangu mwanamme akimwambia mwenzake, "Huyu mutoto ni wa Tanzania kabisa. Sikia tu." Alisema kwa kusifu, sina shaka. Nilimwona baba yake akiinamisha uso.

Kisha orodha. Madamu aliita, mtoto akatoka, akasema kwao ni wapi, akachukua mrija mkononi mwangu, akaenda kusimama upande wa mtungi. Wengine walisema kwa Kirundi. Wa dirishani tukasema kwa Kiswahili. Bahati, Mkongo aliyekuwa mrefu kuliko mwalimu, alisema kwa Kibembe, na mama yake akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Watu walipiga makofi kwa kila mmoja, hata kwa ambaye hawakumwelewa, na nadhani hicho ndicho Madamu alichokuwa akikitafuta mwaka mzima. Furushi likapungua. Nilipobaki na mmoja ilikuwa zamu yangu. Nilisema kwetu ni Rumonge, nikapigiwa makofi, nikabaki nimeushika wangu. Madamu akaita jina la mwisho.

Jenerosa alikuja na mkono tayari ameunyoosha. Ulikaa hewani. Aliangalia ukambaa uliobaki mtupu, akaniangalia mimi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hesabu ya jana tuliifanya wawili. Madamu akauliza, "Zaina, umehesabu vibaya?" Nikasema, "Labda mumoja umeanguka njiani, Madamu." Watu hawakukasirika, jambo dogo, mrija ni mrija. Bahati akatoka upande wa mtungi akamnyooshea wake. "Kamata yangu, dada. Mie ntakunywa kisha." Baadaye nilielewa kwamba ni yeye peke yake aliyetenda jambo jema siku ile, na ndilo lililomaliza kila kitu. Wazazi wakapiga makofi kwa wema wake. Mama mmoja akasema kwa sauti ya upole, "Ndiyo hivyo, mugeni apewe." Jenerosa hakuupokea. "Asante, Bahati, sina kiu," akajibu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Madamu akamwambia aseme basi kwao ni wapi. Alifungua kinywa. Ile sentensi tuliyoilea miezi miwili niliiona kabisa ikifika mdomoni, na nikaiona ikirudi. Akaenda kusimama kwa baba yake. Kijito kilikuwa nyuma ya uwanja. Kwenda, kukata tete na kurudi ni dakika kumi na mbili. Nimeshapima baadaye, mara mbili. Na ule niliokuwa nao mkononi haukuhitaji hata dakika moja, wala maneno, ila kusema, "Huu ni wako, wangu ndio uliopotea." Nilikwenda nikauchomeka mtungini nikanywa. Mutobe ulikuwa mtamu sana. Ningependa kuandika kwamba ulikuwa mchungu, lakini ulikuwa mtamu.

Jumatatu alikaa banki yetu kama kawaida. Hakuniuliza neno. Nilipomsemesha alinijibu kwa Kirundi, kile kibovu, akikokota kila neno, na nilipomwomba anisahihishie insha akasogeza daftari upande wangu bila kulifungua. Nilifikiri atachoka. Mimi nikawa tena wa kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu yeye aliacha kuandika zaidi ya mistari mitatu. Muhula ulipofungwa wakahamia upande wa Nyanza-Lac, ambako waliorudi ni wengi na hakuna wa kumwuliza mwenzake alitoka wapi. Baba yake alikuwa na sababu zake za kuhama, za shamba, na ningekuwa mjinga kudai kwamba tete moja lilihamisha familia. Lakini gari lililobeba magodoro yao lilipita mbele ya uani kwetu, yeye akiwa amekaa juu ya mizigo, nami nilikuwa mlangoni, na sikuinua mkono.

Leo binti yangu anasoma palepale. Ukuta umepakwa rangi, na darasani kwake wanakaa wamechanganyika kama mchele na maharage. Nilimwuliza nani kati ya rafiki zake alizaliwa kambini. Akaniuliza kambi ni nini. Katika orodha ya darasa majina yote yameandikwa kwa wino mmoja. Nafurahi, na huwa naisema furaha hiyo kwa wazazi wenzangu, lakini najua sikuichangia. Ililetwa na wakati, na watu kama Madamu Konsolata waliokuwa tayari kukaa saa nzima mkekani. Mimi mchango wangu ninaujua ni upi.

Kiangazi kilichopita nilipanda kilima juu ya Nyanza-Lac kutafuta mawese kwa wakulima wenyewe, kwa kuwa wachuuzi wa barabarani wanaongeza maji na mimi si mtu wa kununua maji. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya Jenerosa. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinipa kiti, akanipa chai, na nitayaandika aliyoyasema kwa Kiswahili ingawa yeye hakutamka hata neno moja la lugha hii. Kirundi chake sasa hakina kasoro, kimezidi changu. Nilipomwuliza kwa mzaha Kiswahili chake amekiweka wapi, alijibu bila mzaha. Siku ile ya mtungi, walipofika nyumbani, baba yake alimwambia: umewakaribisha watu kama mgeni, wakakuacha kama mgeni, lugha hiyo isiingie tena humu ndani. Haikuingia. Hata alipofariki mzee, haikuingia. Watoto wake wanne hawaijui.

"Na kuhusu mrija, ulimwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia hesabu ilikosewa."

"Haikukosewa."

"Ndabizi," akasema. Najua.

Mtoto wake wa mwisho, wa kama miaka mitano, alikuwa ameegemea goti lake akinikodolea macho. Nilitaka kusema kwa Kirundi. Nakijua, nimezaliwa nacho, ninapatana bei nacho kila siku. Lakini neno lenyewe lilikuja kwa lugha ileile niliyomnyang'anya. "Nisamehe, Jenerosa," nikasema. "Niliuvunja mimi, kwa mkono wangu, nikijua ni wako."

Mtoto akamvuta mama yake kanga. "Mama, avuze iki?" Amesema nini?

Jenerosa alinitazama, si kwa ubaya. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Arasezera," akamjibu. Anaaga.

Nilikuwa bado nimekaa, chai sijaifikisha nusu. Nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikaaga.